Cheka ya Kilatini

Kuna kichochoro Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitambaa, ambako mafundi cherehani wamekaa bega kwa bega tangu zamani. Juzi nilipita hapo kununua zipu. Fundi mmoja alikuwa amepindua kichwa cha cherehani yake anaitia mafuta, na ile harufu iliponifikia nikajikuta nimeshika ukuta. Aliniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni jua. Ningemwelezaje mtu nisiyemjua kwamba harufu ile kwangu ni ya mwaka mzima niliouishi nikiogopa kicheko?

Wenzangu wa rika langu watashangaa, maana sisi hatukukosa vya kuogopa. Kulikuwa na foleni za sukari ambazo unaweza kufika mbele ukaambiwa imekwisha. Kulikuwa na malori yaliyozoa watu wasio na kazi mjini kuwapeleka vijijini wakalime, na kila mtoto alikuwa na hadithi ya mtu aliyetoka kununua kiberiti asirudi. Hayo niliyaogopa kama kila mtu. Lakini hofu ya kicheko ilikuwa yangu peke yangu, na iliingia nyumbani kwetu kwa mlango wa Kilatini.

Tulipanga chumba kimoja kwa Bi Zaituni, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na ua nyuma wa kupikia na kufulia. Kuta za vyumba hazikufika paa. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwitikia. Wapangaji wenye siri walinong'ona, au walisema kilugha, ingawa kilugha nacho hakikusaidia sana, maana pale kwetu palikuwa na Wazaramo, Wamakonde na Wayao, na lolote ulilosema lilikuwa na mwenyewe. Baba alikuwa na njia yake. Alisoma seminari huko kusini miaka kadhaa kabla ya kuacha na kuja mjini, akawa karani wa ghala la shirika moja la umma. Seminari ilimwachia mwandiko mzuri na Kilatini.

Kilatini alizungumza na mtu mmoja tu, baba mdogo Kanuti. Hakuwa ndugu wa damu. Naye alikuwa ameacha seminari, ila yake ilikuwa upande wa Iringa, na sasa alifanya kazi hospitali, wodi ya macho. Jumapili baada ya kanisa alikuja kula kwetu, na wakishashiba walianza ubishi wao. Baba alifundishwa na mapadri Wajerumani, Kanuti na Waitalia. Mbingu kwa Baba ilikuwa tselum, kwa Kanuti ilikuwa chelum. Ni neno moja, linaandikwa kwa herufi c, ila kila mmoja alilitamka kama padri wake. Baba alisema Kanuti haongei, anaimba. Kanuti alisema Baba anatamka kama mtu aliyeungua ulimi kwa chai. Mimi na mdogo wangu Fide hatukuiweza ile ts ya Baba. Sisi tulisema selum.

Mimi Baba alinifundisha kidogo kidogo, Jumamosi nikimpigia viatu rangi. Bonus, bona, bonum. Mwanamume mwema ni bonus, mwanamke mwema ni bona, kitu chema ni bonum. Nilistaajabu kwamba kuna lugha inayotaka kwanza ijue kama wewe ni mke au mume ndipo ikusifu. Aliniita puella, yaani msichana. Nikimuuliza jambo gumu alijibu nescio, sijui, na kukunja uso kama mzee wa baraza, nami nikacheka. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Kama nisingejua hata hayo, mwaka ule ningelala vizuri.

Mama alikuwa Myao wa Tunduru, mwembamba, mwepesi wa kutembea. Alishona sare za shule kwa ajili ya duka moja la mtaa wa jirani, cherehani yake ikiwa dirishani kwetu, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya akitajwa aitwe fundi. Mwaka ule alianza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano. Hilo halikunishangaza, watu wazima wengi huwaita watoto watunge uzi. Kilichonishangaza ni kwamba alianza kugonga vitu. Alijikwaa kwenye kigoda kilichokuwa mahali pake siku zote. Alipiga bega kwenye fremu ya mlango. Mara moja alipita pembeni ya jiko na kulikumba, makaa yakatawanyika uwani, watu wakaruka. Na kila ilipotokea hivyo, Mama alicheka. Alicheka sana, akajiita mlevi, watu wakacheka naye, mambo yakaisha.

Jumapili moja, tulipokwisha kula, Kanuti alimwambia, "Shemeji, hebu njoo ukae hapa kwenye mwanga." Alimkalisha uwani, akatoa tochi ndogo mfukoni, akammulika jicho moja kisha la pili. Akamwambia amtazame puani asiondoe macho, naye akaanza kusogeza kidole kutoka pembeni, taratibu. Mama aseme akikiona. Mimi nilikiona kidole tangu kilipoanza. Mama alinyamaza. Kilikaribia kabisa uso wa Kanuti ndipo aliposema, "Nakiona." Akacheka. Kanuti akazima tochi, akasema macho yamechoka kwa kushona, atamletea dawa ya matone.

Mama akaenda kuosha vyombo. Wanaume wawili wakaingia chumbani. Hawakujua kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuingia, nipo chini nyuma ya pazia la kitanda, namtafutia Fide gololi yake. Wakaanza Kilatini, lakini safari hii hapakuwa na ubishi. Kanuti alisema maneno mengi kwa sauti ya chini, akamalizia na mawili niliyoyasikia vizuri: "Cheka erit."

 Baba akauliza, "Tseka?"

"Cheka," Kanuti akarudia.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeishika gololi, nikaiona miguu ya Baba chini ya pazia, kidole gumba cha mguu kikikunjuka na kukunjika. Halafu akauliza, "Et puella?"  Kanuti akasema, "Nescio."

Hayo ya mwisho niliyaelewa. Na huyu msichana? Sijui.

Jioni, Mama akichambua mchele, nilimuuliza seka ni nini. Sikumwambia nimelitoa wapi. Bila hata kuinua kichwa akanijibu kwamba kwao, kwa Kiyao, kuseka ni kucheka. Basi nikaona nimekwisha kufumbua. Baba alisema seka, Kanuti alisema cheka, kama ilivyokuwa selum na chelum: neno moja, midomo miwili. Na neno lenyewe lilikuwa kucheka. Lakini kwa nini watu wazima wazungumzie kucheka kwa sauti ya msibani?

Jibu nilikuwa nimelisikia zamani kutoka kwa Bi Zaituni. Huyu mwenye nyumba wetu alizaliwa Kariakoo na mama yake alizaliwa Kariakoo, na akimenya muhogo uwani hukosi habari. Aliwahi kutusimulia kwamba huko mbali ziwani, wasichana wa shule moja walianza kucheka darasani, wakashindwa kuacha. Walicheka siku baada ya siku, wengine wakalia huku wanacheka, wengine wakaanguka, mpaka shule ikafungwa. Na waliporudi kwao wakaambukiza vijiji vyao. Alisema ugonjwa ule ulipenda zaidi wanawake. Sisi watoto tulimsikiliza tukiwa tumefunika midomo.

Kwa hiyo nilijua Mama anaumwa nini. Bona ni mwanamke mwema, cheka ni mwanamke wa kucheka. Nilisimama kwenye foleni ya sukari na kikapu mkononi, midomo yangu ikisema yenyewe: chekus, cheka, chekum. Hakuna aliyenifundisha kulinyambua neno lile, hofu ilinifundisha. Chekus angekuwa Fide, na Fide hawakumtaja. Walitaja mwanamke, kisha wakamtaja msichana.

Kuanzia hapo nilimlinda Mama. Nikisikia kicheko chake uwani nilikimbia kutazama kama kitakatika. Nilihesabu pumzi. Kikikatika nilirudi. Fide alikuwa mtoto wa vituko, alizoea kumwigiza balozi wa nyumba kumi anavyotembea na fimbo yake, na nyumba nzima ilimfurahia. Nikaanza kumfinya kila alipoanza. Alilia, nikapigwa, sikusema kwa nini. Mimi mwenyewe niliacha kucheka. Shuleni wenzangu walidhani nimefiwa. Nikihisi kicheko kinapanda kooni niliuma ulimi mpaka nionje damu, maana nilijua ugonjwa ukinishika mimi pia hapatakuwa na wa kumtazama Mama.

Na si kwamba niliota. Baba naye alibadilika. Aliacha kunifundisha maneno, akisema amechoka. Mama akivuka ukumbi, macho ya Baba yalimfuata mpaka afike. Kanuti alileta matone ya dawa, na kila Mama alipoinamisha kichwa nyuma ili Baba amtilie, tone la kwanza lilimwangukia shavuni. Halafu duka likaanza kurudisha mashati. Mishono ilipinda. Mama alifumua, akashona tena, yakarudi tena. Siku balozi alipopita kuuliza nani katika nyumba yetu ana kazi gani, Mama alijivika utepe wa kupimia shingoni akasimama mlangoni, akasema yeye ni fundi. Akacheka. Balozi alitazama mashati yaliyorundikwa sakafuni, akaenda zake. Mchana ule wote, kila lori lililopita Msimbazi niliona linakuja kwetu.

Siku mambo yalipofunuka ilikuwa Jumamosi, tumekwenda sokoni mimi na Mama. Aliweka mkono begani kwangu, kama kawaida yake siku hizo. Nilifikiri ananishika ili nisipotee. Kwenye nyanya watu walikuwa wengi, akaniachia kidogo atoe pesa kwenye pindo la kanga, akageuka, akalikumba fungu zima. Nyanya zikabingirika miguuni mwa watu. Muuzaji, kijana mwenye sauti, alimuuliza kama hana macho. Mama akacheka. Watu wawili watatu wakacheka naye, lakini safari hii kile kicheko hakikukatika. Kiliendelea, kikapanda, na machozi yakaanza kumtoka huku anacheka, vilevile alivyosimulia Bi Zaituni. Nilimrukia. Nikamfunika mdomo kwa mikono yangu miwili mbele ya soko zima, nikimwambia, "Mama, usicheke. Nakuomba, usicheke."

Akanyamaza ghafla. Nilisikia midomo yake inatetemeka chini ya viganja vyangu. Hakuniuliza kitu. Tuliokota nyanya, muuzaji mwenyewe akiokota nasi, tukaondoka.

Tulikwenda haraka. Tulipofika kuvuka Msimbazi, Mama alitazama mbele, akashuka barabarani. Basi lilikuwa linakuja kutoka kulia. Halikuwa limejificha. Lilikuwa kubwa, linapiga honi, na Mama alikuwa anatembea moja kwa moja kuliendea kama mtu anayevuka uwani kwake. Nilishika kanga yake nikavuta kwa uzito wangu wote. Kanga ikachanika, tukaanguka pamoja ukingoni, na upepo wa basi ukatupitia usoni, mchanga ukatuingia mdomoni.

Mama alikaa palepale chini. Alinipapasa kichwa, mikono, miguu, kama anayetafuta palipokatika. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Skola, hilo basi lilitokea wapi?"

Tulirudi nyumbani. Baba alipotoka kazini alitukuta chumbani, Mama kitandani na kanga iliyochanika magotini, mimi sakafuni. Hakupata nafasi ya kuuliza. Nilisimama nikamwambia yale niliyokuwa nimeyabeba tangu siku ya gololi. Nilimwambia sitaki Mama awe cheka.

"Awe nini?" Baba akauliza.

"Cheka. Baba mdogo alisema cheka, wewe ukasema seka. Inaisha na a, kwa hiyo ni mwanamke. Ni Mama peke yake, au na mimi?"

Mama aligeuza uso upande wa sauti ya Baba. "Baba Skola, mtoto anasema nini?"

Nimewahi kumwona baba yangu akimzika mama yake, na nimemwona siku alipoachishwa kazi. Sijamwona tena na uso ule. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, kofia bado mkononi. Ukumbini watu walikuwa wanaongea habari za mafuta ya taa. Nadhani alitafuta namna ya kulizunguka, lakini hapakuwa na Kanuti wa kumjibu, na mimi nilikuwa nimeshika ncha ya neno. Akasema si kucheka. Akalisema lote kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, kwa matamshi ya mapadri wake: tsekus, tseka, tsekum. Halafu akasema, "Kipofu."

Nilichokisikia kwanza mwilini kilikuwa nafuu. Mama haumwi kucheka. Nafuu hiyo ilidumu kiasi cha kuvuta pumzi. Kisha nikaona basi tena, na mashati sakafuni, na lori, na nikakumbuka lile swali la pili ambalo halikuwa limejibiwa.

Mama hakulia. Alisema, "Kumbe mna neno lake. Mimi nimekuwa nalitafuta peke yangu tangu masika." Akatueleza kwamba tukienda shule na kazini alikuwa anajifunga kanga machoni, anajifunza chumba kwa mikono: kitanda, ndoo, cherehani, mlango. Akasema alikuwa akicheka kwa sababu alikwisha kugundua kwamba mtu akicheka haulizwi. Baba alimwambia kwamba aliogopa. Alisema kwa Kilatini lilikuwa bado ni neno tu la kitabuni, na yeye hakuwa na ulimi wa kulitamka kwa Kiswahili na kumtazama mkewe usoni.

"Mtoto je?" Mama akauliza.

"Hatujui."

"Basi kamwite Kanuti," Mama akasema. "Aje aniambie mwenyewe. Na aniambie kwa lugha ya hapa."

Kanuti alikuja kabla ya magharibi. Mama alimkalisha, akamwambia aseme yote, asipunguze sauti. Alimwambia ni presha ya macho. Inakula jicho kutoka pembeni kuja katikati, haina maumivu, na ilichokwisha kula hairudishi. La kushoto limekwenda. La kulia alidhani limechelewa, ndiyo maana hakutaka kumpa tumaini, lakini daktari mkubwa angeweza kulipasua na pengine kusimamisha kilichobaki. Ugonjwa huo hufuata damu, kwa hiyo Skola na Fide watapimwa kila mwaka. Alipomaliza, nyumba nzima ilikuwa kimya, na kutoka upande wa pili wa ukuta tukasikia sauti ya Bi Zaituni: "Pole, mwanangu. Tupo." Mwingine naye akasema pole, na mwingine. Nilijua sasa balozi atajua. Alijua. Alipopita tena, Bi Zaituni alimkaribisha barazani, akamwambia fundi cherehani wa nyumba yake anakwenda hospitali na akirudi kazi ipo, na lori halikuja kwetu.

Kanuti alinimulika mimi pia, jioni ileile, uwani. Mwanga wa tochi ulikuwa mweupe mpaka nikaona mishipa ya jicho langu kama mizizi. Alisogeza kidole. Nikawahi kusema nakiona kabla hakijaanza kusogea, kwa hofu, ikabidi aanze upya. Alisema kwa sasa yako mazima. Hiyo "kwa sasa" nimeishi nayo. Kila mwaka nakwenda kupimwa, na kila mwaka, nikiegemeza kidevu kwenye chuma baridi cha mashine ya kupimia, najizuia nisiwahi kusema nakiona kama mtoto yule.

Jicho la kulia la Mama lilipasuliwa. Likabaki na kijitundu, kama cha kufuli, na kwa hicho kijitundu alituangalia miaka mingi, akigeuza kichwa kama ndege ili akupate mzima. Duka alikwisha kuliacha. Alipika vitumbua na Bi Zaituni, akimimina unga kwa kusikiliza mafuta. Kucheka alicheka, ila si kama zamani, na akijikwaa alisema, "Nimejikwaa."

Kijitundu kilijifunga asubuhi moja ya mvua, mimi nikiwa tayari nasoma sekondari. Hakutuita, hakupiga kelele. Tulikuwa tumekaa mkekani, Baba, Fide na mimi, uji umekwisha kupakuliwa. Mama alikaa mahali pake, akageuza kichwa kwa Baba, akageuza kwangu, akageuza kwa Fide, akarudi tena kwa Baba, akakaa hivyo kidogo.

"Leo sijawaona," akasema. "Nipeni uji wangu."

Baba alichukua bakuli, akalizungushia mikono miwili ya Mama, akaishika na yeye mpaka Mama aliposema imetosha. Tukala.